UZI: Geji ya mafuta inasema robo, tangi kavu. Boti ya dizeli. Nimeshabadilisha geji, tatizo liko palepale

#1 Mleta uzi (Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum wakuu. Naomba msaada wa watu wanaojua umeme wa boti, maana hapa nilipo nimefika mwisho wa akili zangu.

Nina boti ya faiba ya futi 31, injini ya ndani ya dizeli, nguvu farasi 50, umeme wa volti 12. Tangi ni moja tu, la plastiki nene, lita 160, limetengenezwa kufuata umbo la mkuku: chini limechongoka, juu limepanuka. Kazi yake kupeleka wageni Misali na kuwarudisha Wesha, na siku isiyo na wageni tunachukua samaki.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi, abiria sita, kusi linavuma na bahari imechafuka. Tulipotoka mshale ulikuwa kwenye nusu. Tulipoanza kuikaribia Wesha ulikuwa umepita robo kidogo kwa juu. Injini ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, mara ikanyamaza. Baharia wangu akafungua mdomo wa tangi, akamulika kwa simu. Kavu. Alhamdulillahi tulikuwa tumeshaingia mahali nanga inapofika, ikashika. Tumekaa pale tunapigwa na mawimbi kwa ubavu karibu saa mbili, na ndani mna mama na mtoto mchanga, mpaka mashua ya wavuvi ikaja kutuvuta.

Na dizeli mnaijua, kumimina dumu la mafuta hakutoshi. Ikishavuta hewa ni kulegeza skrubu ya filta, kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, halafu nati za nozeli moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huifanyi boti inavyoyumba namna ile na watu wanatapika.

Fundi akaniambia geji imekufa. Nimenunua mpya, nimefunga, inasema vilevile kama ile ya zamani. Dalili nyingine mbili, sijui kama zina maana: nikijaza tangi, mshale unapita alama ya F (kujaa) na kung'ang'ania huko hata saa nane za injini kabla haujaanza kushuka. Na ule utaa mdogo wa LED chumba cha injini, nikiuwasha mshale unapanda kidogo.

Nauliza, nibadilishe na senda, kile kipimio cha tangini kinachopeleka habari kwenye geji? Pesa ya kujaribu-jaribu sina tena, lakini abiria siwabebi mpaka nilijue tatizo.

#2 Mchangiaji (Tanga)

Pole sana mkuu, na hongera kwa kusimamisha safari. Mimi ningeanza na senda. Ikiwa ni ile ya mkono na boya, boya likitoboka linakunywa mafuta na kuzama, au mkono unakwama kwa uchafu. Yangu ilikwama katikati, ikawa nusu Januari hadi Desemba.

#3 Mchangiaji (fundi umeme wa boti, Mombasa)

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, usinunue kitu. Umeshatoa dalili tatu zinazosema jambo moja, nitakueleza.

Kwanza ujue geji haipimi mafuta. Geji inapima ukinzani wa umeme. Kule tangini boya likipanda na kushuka linasogeza mkono juu ya waya wa ukinzani, na geji inatafsiri. Sasa dunia ina lugha mbili kubwa. Senda za Ulaya ni omu (kipimo cha ukinzani) 10 tangi likiwa tupu na omu 180 likijaa. Senda za Marekani ni kinyume: 240 tupu, 33 kujaa. Hizi mbili haziingiliani hata kidogo.

Sasa fikiria waya umeota kutu mahali fulani kati ya geji, senda na hasi ya betri. Kutu ni ukinzani wa ziada. Kwenye mfumo wa Marekani, ukinzani ukiongezeka geji inashuka, inakudanganya kwamba mafuta ni machache kuliko yaliyomo. Unaudhika, unajaza mapema, hufi. Kwenye mfumo wa Ulaya, ukinzani ukiongezeka geji inapanda. Inakuonyesha mafuta ambayo hayamo. Kutu ileile, waya uleule, lakini huku inakupotezea hela na huku inakupotezea watu.

Wewe ukijaza inapita F, ikikauka inakaa robo. Imeinuka kote kwa kiasi kilekile. Boya lililotoboka lingeshusha, haliwezi kupandisha. Boya lililokwama lisingetembea. Na ule utaa wako: nauliza, waya wake hasi umefungwa wapi? Na mwanga wake ukoje, mkali au hafifu?

#4 Mleta uzi

Fundi, nimeshuka chumba cha injini sasa hivi kuangalia. Hasi ya taa imefungwa kwenye skrubu moja ya kifuniko cha senda, juu ya tangi. Na mwanga ni hafifu tangu mwaka jana, nilidhani taa yenyewe imechoka.

Nyuma ya geji pana herufi S, I na G. Senda imeandikwa 10-180.

#5 Mchangiaji (fundi, Mombasa)

Basi tatizo ni waya wa hasi wa senda, ambao taa pia inautumia. Lakini usinisadiki mimi, isadiki multimita. Hata ya bei ndogo inatosha.

Jaribio la kwanza, geji. Washa swichi. Pima kati ya I (chanya kutoka kwenye swichi) na G (hasi), upate volti ya betri, 12 na kitu. Kisha chomoa waya wa S (unaotoka kwenye senda) uuache hewani. Geji ya Ulaya inatakiwa kuruka hadi F au kupita. Halafu chukua kipande cha waya, gusisha S na G: inatakiwa kushuka hadi E (tupu). Ikifanya yote mawili geji ni nzima. (Mwenye geji ya Marekani ajue kwake ni kinyume: S hewani inashuka, S kwenye hasi inajaa.) Na tafadhali sana, mtu yeyote anayesoma hapa asiguse S kwa waya chanya. Utaunguza senda.

Jaribio la pili, senda peke yake. Zima swichi, chomoa nyaya zote mbili pale juu ya tangi. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye kichwa cha senda, nyingine kwenye kifuniko chake cha chuma. Andika namba. Chukua kijiti kisafi, pima kina cha mafuta, andika pia.

Jaribio la tatu ndilo lako. Rudisha nyaya kule tangini. Kule kwenye geji chomoa S, pima omu kutoka ncha ya waya wa S hadi hasi ya betri, ncha ya betri yenyewe, si skrubu iliyo jirani. Kama kila kitu ni kizima namba itakuwa sawa na ile ya jaribio la pili, tofauti ya omu moja tu hivi. Ikizidi, kile kilichozidi ndicho adui yako.

La mwisho: rudisha kila kitu, washa swichi, weka multimita kwenye volti, ncha moja kifuniko cha senda, nyingine hasi ya betri. Isizidi volti 0.1. Washa taa, tazama tena.

#6 Mchangiaji (Mwanza)

Wakuu nami nidandie. Yangu inakwenda kinyumenyume kabisa, nikijaza inasoma karibu na E, ikiisha inasema F. Nimeshageuza nyaya kila namna.

#7 Mchangiaji (fundi, Mombasa)

Ndugu wa Mwanza, usigeuze nyaya. Una senda ya Ulaya na geji ya Marekani. Tupu kwako ni omu 10, geji inaiona hata chini ya 33, inasema imejaa. Kujaa ni 180, geji inaona inaelekea 240, inasema imebaki kidogo. Badilisha kimoja kifuate mwenzake.

#8 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi na namba.

Geji: volti 12.6. S hewani, ikapita F. S kwenye G, ikashuka E. Nzima. Na naamini hata ile ya zamani niliyoitupa ilikuwa nzima.

Senda peke yake, mafuta sentimita 6 kwa kijiti: omu 35. Kutoka ncha ya S hadi betri: omu 78. Zimezidi 43.

Volti kati ya kifuniko cha senda na hasi ya betri: 1.8. Nikawasha taa: 3.6.

Nikaufuata ule waya mweusi kutoka kwenye kifuniko. Kwa nje ni mzima kabisa, ganda lake linang'aa. Kichwa chake kimezungushiwa utepe mweusi. Nikaubandua utepe: ndani kijani kitupu, unga, na nilipouvuta kwa vidole viwili tu ukakatika. Nikachuna ganda nikitafuta shaba safi. Inchi ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Nimefika karibu na kiganja kizima ndipo shaba ikaanza kuonyesha rangi yake. Chumvi imepanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda utambi.

Nimekaa juu ya tangi nikiutazama. Huu ndio ulionifanya nimwombe msamaha yule mama.

#9 Mchangiaji (fundi, Mombasa)

Hapo umefika. Sasa usiunge. Toa waya wote hadi betri, au hadi kwenye baa ya hasi kama unayo, uweke mpya. Tafuta waya wa boti uliopakwa bati, nyuzi zake ni za fedhafedha badala ya nyekundu. Wa nyumbani usiuguse. Kichwa kibane kwa koleo lake, kisha uvishe ganda la kusinyaa lenye gundi ndani, lile ukilipasha moto gundi inachuruzika pembeni na kuziba. Utepe mweusi kwenye boti ni wa kufunika maji yasitoke.

Na hasi ya taa iondoe hapo, ipeleke kwake. Kifuniko cha senda kibaki na waya mmoja. Tangi lako ni la plastiki, halina njia nyingine ya kupata hasi ila huo.

Ukishafunga waya mpya, pima tena kabla hujafunga kazi.

#10 Mchangiaji (nahodha, Kilindoni, Mafia)

Nimesoma uzi huu neno kwa neno. Naomba nieleze langu, maana kuna wakati geji inasema kweli na sisi ndio tunaikanusha.

Boti yangu ina matangi mawili, kulia na kushoto, kila moja na geji yake. Tulikuwa tunatumia la kulia. Safari ya Nyamisati, geji ya kulia inashuka mbiombio, karibu mara mbili ya kawaida, ya kushoto haishuki, inapita hata F. Nikasema geji zote mbili mbovu. Nikazipima kama fundi alivyoeleza, nzima. Senda nzima. Nyaya nzima.

Siku moja tukiwa njiani nikasikia harufu, nikaangalia ubavuni: dizeli inatoka kwenye tundu la hewa la tangi la kushoto, inaandika upinde wa mvua baharini. Tangi ambalo hatulitumii!

Injini ya dizeli haichomi yote inayovuta. Pampu inavuta nyingi kuliko haja yake, nyingine inapitia kwenye nozeli na kurudi tangini kwa mpira wake. Fundi aliyetuwekea valvu za kuchagua tangi alikumbuka ya kuvutia tu. Mpira wa kurudishia ulibaki kushoto. Kwa hiyo tulikuwa tunavuta kulia na kurudisha kushoto, mwendo mzima. Geji zilikuwa zinalia zikisema ukweli.

Mwenye matangi mawili akague: unakovuta ndiko urudishe.

#11 Mleta uzi

Nahodha, shikamoo. Hilo sikulijua kabisa.

Nimebadilisha waya. Omu kwenye ncha ya S sasa 36, senda peke yake 35. Volti kwenye kifuniko 0.02. Taa ya LED imekuwa kali hata baharia akauliza nimenunua lini mpya.

Nikaona kwa kuwa nimeshafika hapa, niitoe na senda niione. Skrubu tano, na kwa faida ya wengine: matundu yake hayako sawasawa kwa makusudi, inakaa upande mmoja tu, kwa hiyo weka alama kabla hujaitoa. Mkono unatembea vizuri, nimeuinua polepole multimita ikiwa imefungwa, namba zimepanda bila kuruka mpaka 178. Ila boya na fimbo yake vimepakwa utelezi mweusi, kama ute wa mwani, unanuka kitu kilichooza. Ni nini hiki?

#12 Mchangiaji (Tanga)

Huo ni uhai, mkuu. Maji yanakaa chini ya dizeli, na pale maji na mafuta yanapokutana vijidudu vinaota. Ndio huziba filta, na ndio uliokwamisha boya langu mimi. Senda za bomba, zile boya linapanda ndani ya mrija, hukwama zaidi maana utelezi unajaa kwenye mrija. Toa maji chini ya tangi na kwenye filta ya kutenganisha maji, safisha, na boti ikilala siku nyingi ilale tangi limejaa. Tangi lenye nafasi kubwa ya hewa hutoa jasho usiku.

#13 Mchangiaji (Mwanza)

Swali kwa fundi. Nimeshabadilisha senda, sasa inasoma F na E vizuri. Lakini nusu ya chini ya geji inaisha haraka kuliko nusu ya juu. Nikunje mkono wa boya?

#14 Mchangiaji (fundi, Mombasa)

Usiukunje. Mkono unapima kimo, si lita. Mleta uzi, tangi lako ndilo la kumfundishia huyu. Una nafasi? Likaushe, ujaze kwa madumu ya lita 20 huku boti ikiwa imetulia majini, na kila dumu uchovye kijiti uweke alama.

#15 Mleta uzi

Nimefanya jana, maji yakiwa yamejaa na boti imelala sawa pale gatini, omo na tezi (mbele na nyuma) kama inavyokaa safarini ikiwa haina watu. Kijiti ni mti mkavu usiopakwa rangi, dizeli inaacha alama nzuri. Kina cha tangi sentimita 40. Haya ndiyo niliyoyapata:

Lita 20 zimefika sentimita 12. Lita 40, sentimita 17 na nusu. Lita 60, sentimita 22. Lita 80, sentimita 26. Kuanzia hapo kuta zimesimama wima, kila dumu linapandisha sentimita tatu na nusu: lita 100 sentimita 29 na nusu, 120 ni 33, 140 ni 36 na nusu, 160 ni 40.

Sasa tazameni. Mshale ukiwa nusu ni sentimita 20. Kwa lita si 80, ni kama 50. Mshale ukiwa robo ni sentimita 10, na hiyo si lita 40, ni lita 14. Injini yangu inakula kama lita 7 kwa saa kwa mwendo wa kawaida. Saa mbili. Na geji sasa ni nzima kabisa!

Halafu nikairudia ile siku. Tulitoka mshale ukiwa nusu. Zile omu 43 zilikuwa zinaongeza kama robo nzima. Kwa hiyo tulitoka tukiwa robo ya kweli, lita 14. Safari ile, na kuzungukazunguka kisiwani kutafuta upande wenye utulivu, ni karibu saa mbili za injini. Imelingana kabisa. Nimeandika hesabu hiyo nyuma ya mlango wa chumba cha injini.

#16 Mchangiaji (nahodha, Mafia)

Marahaba kijana wangu, umefanya kazi ya kiume. Ongeza mawili. Bomba la kuvutia haligusi chini ya tangi, kwa hiyo kile cha chini kabisa si chako. Na bahari ikichafuka, mafuta machache yanakimbilia omo na tezi, bomba linavuta hewa hata kama kijiti kinasema yapo. Mimi kusi likivuma chini ya sentimita fulani sitoki, hata bahari iwe na samaki wa dhahabu. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya Mungu.

#17 Mchangiaji (Tanga)

Na abiria wakikaa nyuma wote geji inabadilika, si ndiyo? Yangu ikikimbia inainua omo, mshale unapanda.

#18 Mchangiaji (fundi, Mombasa)

Ndiyo, kama senda iko upande wa tezi. Mafuta yote yanarudi nyuma, boya linaelea juu. Isome boti ikiwa imesimama. Ikiwa kuna wimbi subiri mshale utembee mara kadhaa, chukua katikati yake.

Nyongeza: saa za injini. Kama una mita ya saa, andika kila ukijaza: lita ngapi, saa ngapi. Injini ya dizeli inakula takriban robo lita kwa kila kilowati kwa saa. Farasi 50 ni kilowati 37, ukiipeleka mwisho wa nguvu ni kama lita 9 au 10 kwa saa. Ukiona daftari linasema 7 halafu siku moja geji inasema 4, amini daftari, kapime kwa kijiti.

#19 Mleta uzi

Nimepaka mstari mwekundu kwenye kioo cha geji, si kwenye robo bali kwenye sentimita 18 ya kijiti, kidogo tu chini ya nusu. Hapo ni lita 42, saa sita. Mshale ukifika hapo abiria hawapandi.

Leo asubuhi nimekwenda Misali peke yangu na baharia. Tumetoka kijiti 29 na nusu, daftari lita 100. Tumerudi saa mbili na nusu za injini, kijiti 26 na nusu, mshale umekaa kwenye theluthi mbili, palepale panapotakiwa. Kesho kuna familia ya watu watano imeomba. Nimewaambia waje saa mbili asubuhi, maji yakianza kujaa.